Shaba Chini ya Ulimi

Nanas, muosha maiti wa mji wa Sarbena, hakuwa mtu wa kutapika. Ndiyo maana Trokondas alipomkuta ameinama nje ya nyumba ya kuoshea, akitema mate kwenye majivu, alisimama kwanza kabla ya kuingia.

"Kulikoni, mama Nanas?"

"Ingia ujionee mwenyewe. Mimi nimeosha waliozama, nimeosha walioliwa na mbwa, na nikarudi nyumbani nikala. Huyu ana ulimi wa kijani."

Trokondas alitia mbegu za shamari kinywani, akazitafuna, akainama kupita mlangoni. Yeye alikuwa mpelelezi wa Mkuu wa Amani, msimamizi wa ulinzi mjini, na mbele ya harufu ya maiti shamari ilikuwa silaha yake ya kwanza kabla ya rungu alilolivaa kiunoni.

Maiti ilikuwa juu ya jiwe. Hermayos, mtoto wa pili wa nyumba ile kubwa ya lango la juu, aliyekuwa hakimu wa mji mwaka uliopita. Walimleta jana kutoka korongoni. Theluji ilikuwa imemhifadhi kama nyama ya kuwekwa akiba, lakini theluji sasa inayeyuka, na Hermayos naye alikuwa anayeyuka nayo. Shingoni alikuwa na alama nyeusi ya kamba. Maji ya rangi ya chai yalitiririka kutoka sikioni hadi kwenye mfereji wa sakafu.

"Kaka yake anataka azikwe leo leo," Nanas alisema akiwa mlangoni. "Nikamfungua mdomo nimtie shaba ya nauli ya kumlipa mvushaji wa wafu, kama desturi. Nikakuta ameshatiwa."

"Umetia wewe ukasahau?"

"Usinichezee, Trokondas. Mtazame ulimi."

Alitazama. Ulimi ulikuwa umevimba ukailalia sarafu, na pale ulipoilalia, kutu ya shaba ilikuwa imeingia ndani ya nyama mpaka kwenye fizi. Meno ya chini yalikuwa ya kijani kama mawe ya kisimani. Kitu kile hakikutiwa jana wala juzi.

"Kitoe."

"Kitoe wewe. Mshahara wangu hauna kijani."

Akakitoa kwa koleo la mkaa. Kilitoka na kipande cha ngozi. Trokondas alikitumbukiza kwenye bakuli la siki, akakisugua kwa kitambaa, akakipeleka penye mwanga wa mlango.

Ilikuwa shaba ya Sarbena, zile kubwa zilizopigwa mwaka jana. Upande mmoja kulikuwa na mungu wa mwezi juu ya farasi wake, na kumzunguka jina la hakimu aliyegharimia: Hermayos. Mtu alikuwa amelazwa na jina lake mwenyewe chini ya ulimi. Trokondas akaigeuza. Upande wa pili zilipaswa kuwa sura mbili, Kaisari mkubwa na Kaisari mdogo, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wakitazamana. Mkubwa alikuwepo, na ndevu zake fupi. Mbele ya pua yake palikuwa patupu. Palikwanguliwa pakawa laini kama kiganja.

Nanas naye alichungulia, kisha akaondoa macho haraka. Siku hizi watu hawakupenda kuonekana wakipatazama sana pale mahali patupu.

"Huyo kaka yake, Kotes, alituambia mdogo wake aliondoka lini?" Trokondas aliuliza.

"Mji mzima unajua. Alfajiri ile, siku moja kabla ya mpiga mbiu kuleta habari ya Roma, kwamba Kaisari mdogo amekufa na sura yake ifutwe kila mahali."

"Na akauawa njiani alfajiri hiyo hiyo."

"Ndivyo anavyosema."

"Basi maiti huyu," alisema Trokondas, "ana shaba ambayo siku aliyokufa ilikuwa haijakwanguliwa bado."

Akaifunga kwenye kitambaa cha siki, akateremka hadi lango la chini.

*

Mbele ya jela ya lango la chini alikuwepo bibi mmoja amekaa kwenye matope, jibini la mbuzi limefungwa kwa majani mapajani. Alikuwa hapo tangu jana. Askari walimruka kama wanavyoruka dimbwi. Ubavuni mwa ukuta ulisimama mkokoteni, na mtu anaupaka mafuta ekseli. Ulikuwa wa kumpeleka mwanawe kwa liwali. Jua likifika juu ya paa la hekalu ungeondoka, na waliopelekwa kwa liwali kwa kesi ya unyang'anyi hawakuwa wakirudi na ngozi zao.

Mwanawe huyo, Oplon, mchungaji wa Kovara ng'ambo ya mto, alikuwa amefungwa mnyororo wa mguu mmoja. Alikamatwa amevaa vazi la Hermayos.

"Umekuja tena?" alisema. "Nilishakwambia. Nilimkuta amekufa, nikamvua vazi. Maiti haisikii baridi."

"Ulimwibia maiti, na huoni haya?"

"Haya ninayo. Nilikuwa na baridi kuliko haya."

Trokondas akafungua kitambaa, akamtupia shaba. Oplon aliidaka, akaing'ata kwa jino la pembeni, akaitupa chini.

"Pyuu! Ina ladha ya nini hii? Na ya kwenu tena. Kwetu hainunui hata kitunguu. Ukimpa mtu shaba ya Sarbena kule Kovara anakuuliza kama umekuja kumtania."

"Ilikuwa mdomoni mwa maiti."

Mchungaji akafuta midomo yake kwa mkono, akafuta ulimi, akatema, akatema tena. Askari mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mshenzi wewe," Oplon alisema. "Basi sikumtia mimi. Ningekuwa na cha kuwapa wafu ningenunua vazi langu."

"Alikuwa amelalaje?"

"Vizuri. Ndiyo nilishangaa. Watu wanaotupwa korongoni wanalala kama mbuzi aliyeteleza. Huyu macho yamefumbwa. Kichwa kimewekewa jiwe bapa. Na taya lake lilikuwa limefungwa kwa kitambaa, hivi, mpaka utosini."

Trokondas aliacha kutafuna. "Kitambaa hicho hukukitaja jana."

"Jana ulikuwa unanipiga. Mtu hataji vyote akipigwa."

"Kiko wapi?"

Oplon akatazama mguu wake usio na mnyororo. Ulikuwa umefungwa matambara tangu vidole hadi kifundo, na matambara yalikuwa yamegandamana na usaha wa kidonda cha baridi. Trokondas alipiga goti kwenye majani yenye mkojo, akaanza kufungua. Kila tabaka lilitoa harufu yake. Tabaka la ndani kabisa lilikuwa pana na laini kuliko mengine, la sufu nyeupe, ukingoni limefumwa utepe mwekundu wa miraba.

"Sufu ya watu wakubwa hii," Trokondas alisema.

"Ndiyo maana niliiweka karibu na kidonda. Nami nistarehe kidogo."

"Nitakupa kingine."

"Nipe na mguu mwingine."

Alipotoka, yule bibi wa kwenye matope aliinua jibini lake juu. Trokondas akamwita askari.

"Mpelekee mwanawe hili. Likifika limeng'atwa, nitajua ni meno yako."

*

Meza ya kukwangulia ilikuwa bado sokoni, chini ya ukumbi wa nguzo, na mkwanguaji Zotikos alikuwa amekaa nyuma yake kama mfalme wa vumbi. Desturi ilikuwa mpya, lakini tayari watu walikuwa wameizoea kama chumvi. Unaleta shaba zako za sura mbili, Zotikos anamtoa mdogo kwa patasi, analainisha kwa tupa, unarudishiwa zako na kwenda kununua dengu. Jina la yule mdogo halitajwi. Miezi michache nyuma mji uleule ulichinja ng'ombe kwa afya yake. Trokondas mwenyewe aliila nyama ile, na alikumbuka ilikuwa tamu.

Chini ya meza palikuwa na bakuli limejaa unga wa shaba, pua na macho na mashavu ya mtu mmoja, yote yamekuwa vumbi.

"Huu unga unapelekwa wapi?" aliuliza Trokondas.

"Unayeyushwa, unapigwa shaba mpya. Mji haupotezi kitu."

"Ulianza lini kukwangua?"

"Kesho yake mpiga mbiu alipofika."

"Hakuna aliyekwangua nyumbani kwake mapema zaidi?"

Zotikos akacheka, meno yake yana vumbi la njano. "Mapema? Kumkwangua kabla ya mbiu ni kifo. Kutomkwangua baada ya mbiu ni kifo. Katikati ndipo mtu anapopumua, na katikati yenyewe ilikuwa usiku mmoja, nao watu walilala."

"Nani alikuja wa kwanza?"

"Umesahau? Kotes! Mpiga mbiu hajakauka koo, Kotes yuko hapa na kapu zima, watumwa wawili wamelishika masikio. Tukasema huyu bwana anapenda amri kuliko uji. Hakubakiza hata moja mle ndani. Alinisimamia. Kila moja akaipitishia dole gumba, kuona kama kuna pua imebaki."

"Na wala hakuudhika? Zina jina la mdogo wake."

"Jina hatukukwangua," Zotikos alisema, akipuliza vumbi. "Hilo halikuwemo kwenye amri."

*

Nyumba ya Kotes ilinuka siki na samli moto. Ukutani ukumbini, mahali pa heshima, palikuwa na picha iliyochorwa kwenye ubao: Kaisari mzee marehemu, mkewe, na watoto wao wawili. Sura ya mtoto mdogo ilikuwa imepakwa mavi ya nyumbu. Hayakutupwa kwa hasira. Yalipakwa kwa uangalifu, duara safi, mtu asichafue bega la mama mtu. Inzi wa kwanza wa mwaka walikuwa wameshaipata.

Kotes alikuwa anakula mayai chini ya picha hiyo.

"Karibu, Trokondas. Utakula?"

"Nimeshiba."

"Mchungaji ameshapelekwa?"

"Anapakiwa. Nina maswali madogo tu, bwana mkubwa. Marehemu aliondoka alfajiri ya siku ipi?"

"Nilishasema kwa Mkuu wa Amani." Kotes alimenya yai polepole. "Siku moja kabla ya mbiu. Aliwahi soko la pwani."

"Nani alimwona akitoka?"

"Alfajiri nani anamwona nani?"

"Alikuwa na nyumbu?"

"Alikuwa naye. Mnyang'anyi amemuuza."

"Kwenye banda lako nimewaona nyumbu wote, hakuna aliyepungua."

Kotes aliweka yai chini. "Umeingia bandani kwangu bila ruhusa?"

"Nilifuata harufu," alisema Trokondas, na akaitazama picha.

Pembeni, penye mwanga wa dirisha, mama yao Tatia alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kufumia, nywele zake fupi za msiba zimekatwa vibaya. Hakuwa amegeuka. Sufu nyeupe ilining'inia mbele yake, ukingoni utepe mwekundu wa miraba. Trokondas alivuka chumba, akamwekea kile kitambaa mapajani.

"Mama, unakijua hiki?"

"Vitambaa viko vingi mjini," Kotes alisema.

"Sijakuuliza wewe."

Tatia alikishika kwa vidole viwili, akakinusa. Uso wake ukakunjamana. "Kinanuka mguu wa mtu."

"Mguu wa mchungaji. Alikitoa kwenye taya la mwanao. Mnyang'anyi hafungi taya, mama. Hafumbi macho, haweki jiwe kichwani. Wala hamtii mtu nauli mdomoni." Akafungua kile kitambaa cha siki, akaiweka shaba juu ya sufu. "Hasa nauli iliyokwanguliwa. Iliyokwanguliwa sokoni baada ya mbiu, wakati yeye, kwa maneno ya kaka yake, ameshakufa."

"Yule Nanas ndiye aliyemtia," Kotes alisema haraka. "Hawa waosha maiti wanapenda kujipendekeza."

"Nenda kamtazame ulimi mdogo wako, kisha uniambie aliitia lini."

Kotes hakwenda. Alichukua yai, akaliangalia, akalirudisha. Tatia alikuwa akiipapasa ile shaba pale palipo laini, kama mtu anayetafuta kovu.

"Huyo mchungaji," alisema, "ana mama?"

"Mama!" Kotes aliinuka.

"Anaye," alijibu Trokondas. "Yuko kwenye matope nje ya jela tangu jana. Ameleta jibini."

Mkono wa mama ukatulia.

"Nilimwomba nzima," alisema, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za sokoni. "Nilimwambia Kotes, usimwachie mwenzio aende na hii, atafika kwa mvushaji na nusu ya nauli. Nipe moja yenye sura zote mbili, ulivyo na kapu zima. Akaniambia, mama, hakuna tena humu ndani, unataka tufe sote? Basi nikachukua hii. Nilienda na watu wake mpaka korongoni, juu ya nyumbu, nimemshika kichwa. Walitaka kumsukuma tu. Nikasema hapana, kwanza nimfunge taya."

"Mama amezeeka," alisema Kotes. "Msiba umempanda kichwani."

"Aliwekwa wapi kabla ya kufa?" Trokondas aliuliza.

"Stoo ya mafuta. Tangu mbiu. Alikuwa analia."

"Alikuwa anataja jina!" Kotes alipaza sauti, kisha akaishusha na kutazama dirishani. "Siku kutwa. Lile jina, kwa sauti, akipiga mlango. Alikula na mwenye jina hilo meza moja alipokuwa mjumbe Roma, basi akajiona rafiki yake. Majirani wana masikio. Watumwa wana midomo. Ningefanya nini, wewe ungefanya nini? Kuna wakati mkubwa lazima aamue. Hata kule Roma mkubwa alipo..."

Akaiziba midomo yake kwa kiganja, kiini cha yai kikabaki kimenata shavuni.

"Malizia," alisema Trokondas.

"Sikusema kitu."

"Alipofanya nini, Kotes? Kule Roma?"

"Sikusema kitu. Mama ni shahidi, sikusema kitu."

Inzi mmoja alitoka kwenye picha, akazunguka, akatua kwenye mayai.

*

Dion, Mkuu wa Amani, alisikiliza yote akiwa amesimama, mlango umefungwa. Alikuwa mzee mnene mwenye vidole vya pete. Trokondas alipomaliza, yule mzee alikuwa amelowa jasho kana kwamba ameshtakiwa yeye.

"Nani mwingine amesikia?"

"Mama yao."

"Alisema 'kule Roma'?"

"Alikaribia kusema, mheshimiwa."

"Unanielewa shida yangu? Nikimshtaki, mpiga mbiu atasimama sokoni aseme nini? Kwamba watu wa Sarbena wanamhukumu kaka aliyemuua mdogo wake? Mwaka huu? Liwali ataliona ni fumbo. Tutakatwa vichwa mimi, wewe, na mpiga mbiu." Akafuta shingo. "Mchungaji aende. Mkokoteni ushafungwa nyumbu."

"Aende," alisema Trokondas. "Liwali atamtia kwenye mjeledi, naye si mtu wa kuficha, nimempiga namjua. Atasema taya lilifungwa. Atasema alioneshwa shaba iliyokwanguliwa. Liwali ataniita, mheshimiwa, na mimi pia nina mgongo. Nikiulizwa kwa mjeledi, nitamalizia lile neno ambalo Kotes hakulimalizia, na nitasema nililileta kwako kwanza."

Dion alikaa. Kiti kililia.

"Wewe ni mbwa," alisema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

Nje, mtu wa mkokoteni alikuwa akimkemea nyumbu.

"Ameteleza," alisema Dion hatimaye. "Hermayos. Theluji, korongo, mguu ukateleza. Hakuna muuaji, basi hakuna mshtakiwa. Mfungue yule mnuka mbuzi, arudi kwao."

"Na Kotes?"

"Kotes atagharimia shaba mpya za mwaka huu. Ameshaniahidi, tangu juzi. Upande mmoja Kaisari, peke yake. Upande wa pili mikono miwili iliyoshikana."

"Mikono ya nani?"

"Ya watu. Umoja na mapatano. Ni picha nzuri, wanaipenda." Dion hakumtazama usoni. "Na jina la Kotes kuzunguka."

Trokondas alitema shamari zake zote kwenye sakafu iliyong'arishwa, katikati, akatoka.

*

Oplon alifunguliwa na Trokondas mwenyewe. Alijikuna palipokuwa na mnyororo.

"Nani aliyeua?"

"Ameteleza."

"Nani kateleza?"

"Marehemu."

Mchungaji alihesabu kwa vidole. "Akateleza, akajifunga taya, akajitilia nauli," alisema. "Hodari, huyo. Nipe vazi langu." Akakumbuka. "Nipe vazi lake." Trokondas alivua lake mwenyewe akampa, pamoja na kitambaa safi cha mguu. Yule bibi alimshika mwanawe mkono wa nguo, na hawakuaga mtu yeyote. Walitembea upesi kuelekea mtoni, yeye akichechemea, mama akimsukuma kwa nyuma kama mtu anayeswaga mbuzi.

Kwenye nyumba ya kuoshea, Nanas alikuwa amemaliza. Hermayos amefungwa sanda, uso tu uko wazi. Tatia alikuwa amesimama kichwani pake. Alikuja kwa miguu, peke yake, bila ushungi, na kifurushi cha nguo kimewekwa mlangoni. Mtu hachukui kifurushi kama hicho akikusudia kurudi.

"Ile shaba," alisema. "Niliyomtia mwanangu. Nipe."

Trokondas alipaswa kuipeleka kwa Dion iyeyushwe. Akaitoa kwenye siki, akampa.

Mama hakumtia mwanawe mdomoni mara moja. Aliiweka juu ya jiwe, karibu na sikio la maiti, akachomoa kibanio cha chuma kwenye nguo yake begani. Akainama. Pale palipokuwa patupu, mbele ya pua ya Kaisari mkubwa, akaanza kukwaruza. Nukta ya jicho. Mstari wa pua. Mdomo. Sura ile haikufanana na mtu yeyote wa Roma. Chuma kililia juu ya shaba, sauti ndogo, mbaya, ya kusisimua meno.

Nanas alirudi nyuma. "Trokondas," alinong'ona, "hicho ni kichwa cha mtu. Kwa hicho wanakata vichwa. Mzuie."

Trokondas, mpelelezi wa Mkuu wa Amani, akageuka. Akasimama mlangoni akiwapa mgongo, akauziba mlango wote kwa mabega yake, akatazama barabara kama kuna anayekuja.

"Ukimaliza, mama," alisema, "niambie."